Kanda Yako ya Dakika 90

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, na niwie radhi kwa kimya changu cha miezi. Nilikuwa na mengi ya kukuandikia, lakini tangu juzi usiku nina jambo moja tu kichwani na haliwezi kungoja. Nimesikia mwisho wa ule wimbo.

Nilikuwa natafuta cheti fulani kwenye sanduku la makaratasi. Mkono ukagusa kitu kigumu, kukitoa nje, kumbe ni ile kanda uliyonirekodia. Jalada limepasuka pembeni, lakini mwandiko wako uko vilevile, wino wa buluu, herufi zimebanana kwa kuwa ulitaka majina ya wanamuziki wote yaenee kwenye kile kikaratasi chembamba. Upande A, Miles Davis, yule mpiga tarumbeta wa jazi, na albamu yake Kind of Blue. Upande B, Cesária Évora, mwimbaji wa Cape Verde, na Miss Perfumado yake, na chini yake umeandika "mpaka ukanda uishe". Nilikaa palepale sakafuni. Cheti chenyewe sijakiona hadi leo.

Kuicheza ilinichukua siku mbili. Kile kisponji kidogo kinachoukandamiza ukanda dhidi ya kichwa cha redio kilikuwa kimebanduka, kinagongagonga ndani ya kaseti kama punje ya mahindi. Nikazifungua skrubu, nikakigandisha kwa tone la gundi, nikakiacha usiku kucha kikauke. Asubuhi nikaingiza penseli kwenye tundu na kuzungusha polepole mpaka ulegevu wote ukaisha. Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya hivyo bila hata kutazama? Vidole havijasahau.

Nilipobonyeza, kwanza ulikuja ule mvumo wa chumba chako. Halafu mbali sana, kama mtu aliye nyumba ya tatu, nikasikia piano ikianza, na kabla sijashangaa vizuri ikaanza tena, safari hii kwa sauti yake kamili. Kumbe ndivyo zinavyofanya kanda zilizokaa. Ukanda ukidumu miaka umejiviringisha, sumaku ya mzingo mmoja huuambukiza mzingo unaougusa, na sauti hunong'ona kabla ya zamu yake kufika. Nilipenda sana kuisikia. Ilikuwa kama muziki wenyewe unabisha hodi.

Basi nikasikiliza upande mzima bila kuinuka. Na mwishoni ikawa kama ilivyokuwa daima: ule wimbo wa tano, Flamenco Sketches, piano inamaliza, tarumbeta ya Miles inarudi, inapumua mara mbili tatu, na kata! Ukanda umeisha.

Wajua, swahiba, sikuwahi kuutafuta mwisho wake. Mimi wimbo ule niliujua hivyo, kama mtu aliyefunguliwa mlango akafungiwa kabla hajavuka kizingiti. Hata nilipoanza kusikiliza muziki kwenye simu, albamu hiyo niliipita nikijiambia kwamba ninayo tayari moyoni. Juzi ndipo nikapiga hesabu. Santuri ile ina dakika 45 na ushei, na upande mmoja wa kanda yako ni dakika 45. Wewe ulirekodi kwa kuiweka redio mbele ya spika, na ulipofika wakati wa kugeuza santuri hukuizima. Unasikika kabisa, unainua sindano, unageuza, unaipuliza vumbi, unaishusha. Kugeuza kule ndiko kulikokula mwisho wa wimbo.

Usiku huohuo nikaitafuta nakala safi, nikazima taa.

Hapo likazuka jambo jingine ambalo sikulitarajia. Wimbo wa kwanza ulinijia mzito, umeshuka kidogo, kana kwamba wachezaji wametoka kuamka. Nikadhani simu ina hitilafu. Nikasoma, nikakuta kwamba masikio yangu hayakunidanganya. Albamu ile ilirekodiwa New York mwaka 1959 kwa siku mbili tu, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili. Siku ile ya Machi mashine ya kurekodia ilikuwa inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo ukanda ulipochezwa kwenye mashine iliyo sawa, muziki ukatoka wa kasi zaidi na sauti imepanda. Nyimbo tatu za siku hiyo ndizo zilizojaza upande wa kwanza wa santuri. Kosa halikurekebishwa mpaka miaka ya 1990, walipotumia ukanda wa akiba uliorekodiwa na mashine nyingine siku ileile. Yaani kila aliyeipenda santuri ile kwa zaidi ya miaka 30, wewe na mimi tukiwemo, aliupenda upande wa kwanza ukiwa na haraka isiyokuwa yake.

Nimezisikiliza zote mbili mara nyingi tangu juzi, na hukumu yangu ni hii. Wimbo wa pili bado naupenda kwa mwendo wa kanda yako, ule mpapaso wa piano ya Wynton Kelly unanoga zaidi ukichangamka. (Huo ndio wimbo pekee aliopiga Kelly. Kwingine kote ni Bill Evans, na wewe uliliandika hilo kwa herufi ndogo kuliko zote.) Lakini Blue in Green, wimbo wa tatu unaofunga upande, imepona. Kwa mwendo wake halisi unasikia Evans akibonyeza noti na kuingoja ifike chini kabla hajabonyeza nyingine. Sikuwahi kuisikia nafasi hiyo.

Turudi kwenye wimbo wa tano. Umejengwa juu ya skeli tano, yaani mipangilio mitano ya noti, na kila mpigaji anakaa kwenye kila skeli kadiri anavyotaka, akitosheka ndipo anahamia inayofuata. Hakuna anayemharakisha mwenziwe. Miles anatangulia, tarumbeta imezibwa mdomo, kisha saksafoni ya Coltrane, kisha ya Cannonball Adderley, kisha Evans, kisha Miles anarudi kufunga. Nilipofika pale ukanda wako unapokatika, mwili wangu ulijikaza wenyewe, ukingoja lile kata. Halikuja. Tarumbeta ikaendelea. Ikapanda kidogo, ikatulia, ikasogea kwenye ile skeli yenye harufu ya Hispania, ikakaa humo, halafu ikazidi kupunguza maneno mpaka ikawa inaacha ukimya mwingi kuliko sauti. Haikuwa na kishindo chochote, ni kidogo zaidi ya dakika moja tu. Nililia. Nadhani sababu ni kwamba Miles alifariki mwaka 1991, na Jimmy Cobb, mpiga ngoma, aliyekuwa wa mwisho kubaki hai miongoni mwao, alifariki mwaka 2020, na miaka yote hiyo dakika hii ilikuwa imekaa tu inaningoja.

Tangu hapo nimekuwa nikifungua albamu moja baada ya nyingine, nzima nzima, kwa mpangilio wake, bila kuruka. Si kila moja imenipokea. Kuna zile tulizokuwa tukizipigia kelele, wewe unazijua, ambazo sasa nimezimaliza kwa adabu tu. Lakini Miss Perfumado, ya mwaka 1992, imenirudia kama mtu wa nyumbani. Cesária alizaliwa mwaka 1941, akaacha kuimba kwa takriban miaka kumi, na dunia ikaja kumjua akiwa ameshafika miaka 50. Sauti yake haimsihi mtu. Inasema tu lililopo, na viatu amevivua, kama alivyozoea jukwaani. Na masikio yangu bado yana mpangilio ule. Wimbo mmoja ukiisha, kabla ya unaofuata kuanza, mimi tayari nina noti yake ya kwanza mdomoni. Simu ikijiamulia kuleta wimbo mwingine, nahisi kama mtu anayeshuka ngazi gizani akakuta kidato hakipo.

Uliniuliza katika barua yako nasikiliza nini siku hizi. Nasikiliza kora, ile ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, asubuhi na jioni. Toumani Diabaté, bingwa wa kora wa Mali, alipofariki Julai 2024 niliirudia albamu In the Heart of the Moon, aliyopiga na mpiga gitaa Ali Farka Touré, na tangu wakati huo haijapita wiki sijaisikiliza. Ilitoka mwaka 2005. Waliirekodi hotelini, Hotel Mandé ya Bamako, kando ya mto Niger, bila mazoezi, wakikaa na kupiga tu. Kora ina nyuzi 21 zilizotandazwa juu ya nusu kibuyu kilichowambwa ngozi, na mpigaji anatumia vidole vinne, gumba na cha shahada vya kila mkono. Ukifumba macho utaapa ni watu watatu. Gumba zinashika besi, vidole viwili vinamwaga ile mvua ya juu.

Ila nataka usiifuate mvua. Mfuate Ali. Gitaa lake kwenye albamu ile linafanya kazi ya mwenyeji, linakaa mahali pamoja, linarudia jambo lilelile dogo ili mgeni awe huru kuzurura na ajue pa kurudi. Kuna mahali Toumani anakwenda mbali mno, na Ali anapiga noti moja tu, nzito kidogo kuliko nyingine, basi. Toumani anarudi. Ali alifariki Machi 2006, hata mwaka haujatimia tangu albamu itoke. Ukimaliza hiyo, sikiliza ile waliyoipa jina Ali and Toumani, iliyotoka mwaka 2010 yeye akiwa hayupo.

Kutoka hapo nikaangukia kwa mwanawe. Vieux Farka Touré, ambaye baba yake hakutaka aingie kwenye muziki, alitoa mwaka 2022 albamu ya nyimbo za baba, jina lake Ali tu, pamoja na Khruangbin, ile bendi ya watu watatu wa Houston, Marekani. Mwanzoni sikuipenda. Besi na ngoma zao ni laini mno, nikaona wamemtandikia mzee godoro. Nikaisikiliza mara nne, na ya nne nikaelewa kwamba wanafanya kilekile alichokuwa akifanya Ali kwa Toumani. Wanakaa mahali pamoja ili kijana azurure. Anza nayo ukiwa huna shughuli nyingine.

Na moja ya mwisho, hii ni ya usiku mkubwa. Vulture Prince ya mwimbaji Arooj Aftab, ya mwaka 2021, anaimba zaidi kwa Kiurdu. Aliitoa kwa kumbukumbu ya mdogo wake wa kiume aliyefariki. Sielewi maneno, lakini wimbo unaoitwa Mohabbat niliutambua jina lake mara moja, maana ni ndugu wa mahaba yetu, mzizi mmoja wa Kiarabu uliofika kwao na kwetu kwa njia tofauti. Anaimba kwa sauti ya chini kabisa, nyuzi zinamzunguka. Sikiliza anavyoivuta silabi ya mwisho. Halafu niambie kama hukumkumbuka mtu.

Sasa nina ombi. Ile santuri yako unayo bado? Kama ipo, ichezeshe upande wa pili leo usiku, usikilize mpaka sindano ifike katikati na kuanza kukwaruza. Mimi saa hiyo nitakuwa naisikiliza nakala safi. Kanda nimeirudisha kwenye jalada lake, sitaki kuichosha, ila najua nitaitoa tena, kwa sababu kuna jambo lililo ndani yake ambalo nakala safi haina.

Kwenye Blue in Green, mwishoni, piano imebaki karibu peke yake. Mlango wako unagongwa mara mbili. Kiti kinasogea, unanyata, mlango unafunguliwa polepole, na wewe unasema kwa kunong'ona, "Ingia, ingia, usiseme kitu." Mtu anaingia. Hasemi kitu. Anakaa nawe mpaka mwisho wa upande, na unapogeuza santuri anasikika akivuta pumzi ndefu.

Miaka yote hii nimeupenda wimbo ule pamoja na huyo mgeni ndani yake, na sijawahi kukuuliza. Alikuwa nani?

Wako wa siku zote,
Swahiba wako