Barua ya wazi kwa Waziri anayesimamia nyaraka Zanzibar: tufungulieni mafaili ya Umma Party

Mheshimiwa Waziri, assalam aleikum. Nakuandikia hadharani maana hili si langu peke yangu, lina familia nyingi Unguja na Pemba.

Ombi ni moja. Mafaili ya kesi ya uhaini ya 1973 na 1974, iliyofuata kuuawa kwa Mzee Karume, na chochote kilichobaki cha Umma Party, chama cha siasa cha mrengo wa kushoto cha hapa Zanzibar, yafunguliwe watu wasome, yawe kwenye Nyaraka za Taifa Kilimani au kwenye makabati ya mahakama.

Chama hiki ama kinatajwa kwa kunong'ona ama kinatukanwa tu. Kilikuwa kidogo, kweli. Mwanzilishi wake, Abdulrahman Mohamed Babu, alikuwa katibu mkuu wa Hizbu (chama cha ZNP), Waingereza wakamfunga 1962, katoka 1963 hawaelewani tena na viongozi wenzake, akajitoa na vijana wake wa mrengo wa kushoto wakaanzisha Umma, na hata mwaka haujatimia, mwanzoni mwa Januari 1964, serikali ikakipiga marufuku, siku chache tu baadaye Mapinduzi hayo. Baadhi ya makomredi, yaani vijana wa Umma, walishapata mafunzo ya kijeshi Cuba, wana ndevu, wana magwanda, wanapiga kelele "Venceremos!" (tutashinda), mpaka waandishi wa nje wakatangaza eti wanajeshi wa Cuba wameshuka Zanzibar! Wale walikuwa watoto wa hapa hapa. Machi chama kikavunjwa, wakaingia ASP (Afro-Shirazi Party), chama cha Karume.

Halafu 7 Aprili 1972 Mzee Karume akauliwa pale Kisiwandui. Yalikuwa mauaji mabaya na sitafuti kumsafisha aliyehusika. Lakini baada ya pale waliokuwa Umma walisombwa, kesi ikaendeshwa bila mawakili kuruhusiwa, sasa mtu anajitetea vipi na roho yake iko mezani? Babu mwenyewe kahukumiwa kifo yuko kizuizini bara, mahakamani Zanzibar hata hakufikishwa, akaachiwa 1978 na akafia London 1996.

Kwahiyo Mheshimiwa, nani alisema nini mle ndani, nani aliungama na aliungama katika hali gani, hayo tunayasikia kwa mtu kasikia kwa mtu, na waliokuwepo wenyewe waliobaki ni wazee sana. Watoto wao wana haki ya kusoma, hata kama watakutana na mabaya ya baba zao humo.

Tunaomba jibu la maandishi: mafaili yapo au hayapo, na kama yapo nani ataruhusiwa kuyasoma, kuanzia lini.