Milioni zisizohesabiwa na mtu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie uzimuaji wa sampuli hatua kwa hatua, yaani kuipunguza makali kwa kuichanganya na maji tena na tena, kazi ya maabara ambayo wanafunzi wengi huifahamu kwa hesabu kuliko kwa mikono.

Msomaji anapoambiwa kwamba mililita moja ya maji ina bakteria milioni 42, ajue kwamba hakuna aliyezihesabu milioni hizo. Mtaalamu alichukua mililita 1 ya sampuli, akaitia katika neli yenye mililita 9 za maji yasiyo na vijidudu, akatikisa, akachota mililita 1 ya mchanganyiko huo na kuihamishia neli ya pili yenye mililita 9 nyingine, akaendelea hivyo hadi neli ya tano, ambamo sampuli ni sehemu moja tu kati ya laki moja. Kutoka humo alipaka mililita 0.1 kwenye sahani ya kuoteshea, na bakteria walipokwisha kuota akahesabu makoloni 42, yaani madoa ya bakteria, kila moja likihesabiwa kuwa limeanzia kwa bakteria mmoja. Yaliyobaki ni kuzidisha: mara kumi kwa kuwa alipaka mililita 0.1 tu, kisha mara laki moja.

Tatizo ni kwamba kosa nalo huzidishwa. Pipeti (kifaa cha kuchotea na kupimia vimiminika) inayochota mililita 0.95 badala ya 1 hupunguza karibu asilimia 5 katika kila hatua, na kufikia neli ya tano sehemu moja ya tano ya bakteria imeshapotea kwenye hesabu, ilhali neli zote zinaonekana sawa kabisa. Ubahili wa ncha za pipeti, zinazopaswa kubadilishwa katika kila hatua, huvuta upande wa pili: ncha iliyojaza neli ya pili, ikibakiwa na mililita 0.01 tu ya mchanganyiko wa neli ya kwanza, wenye bakteria mara kumi ya ule wa pili, kisha ikatumika tena kujaza ya tatu, huiongezea neli hiyo bakteria kwa takriban asilimia 10. Wala asitarajie mtu kwamba makosa hayo mawili yatafutana kwa bahati njema.

Wapo wanaojitetea kwamba hupaka sahani tatu ndipo wakatafuta wastani. Utetezi huo ni dhaifu, kwa kuwa sahani tatu zilizotoka katika neli moja ya mwisho zimerithi kosa lile lile, na kulingana kwake huwapa watu imani isiyostahili.

Ninachopendekeza kwa walimu ni kwamba mwanafunzi aanze upya kwenye sampuli ya awali angalau mara mbili, kwa neli nyingine na ncha mpya katika kila hatua, na tofauti ya majibu hayo aiandike kwenye ripoti yake, naye apewe alama kwa kuiandika hata kama ni kubwa.

Wako,
Mwalimu wa baiolojia