Masega ya ekzosi: pima injini kwanza

Gari halivuti, taa ya injini inawaka, na fundi amekwambia dawa ni kuyatoa masega, yaani kisafisha moshi kilicho ndani ya boksi la chuma kwenye bomba la ekzosi. Gereji yetu haitoi masega. Tunatafuta kwanza kilichoyaharibu, na mara nyingi tunakikuta kwenye injini.

Ndani ya lile boksi la chuma kuna kauri yenye matundu madogo mengi. Kuta zake zimepakwa alumina, na juu ya alumina zimetawanywa chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu zenye upana wa nanomita chache tu. Moshi ukipita, kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu, hunata kwenye uso wa chembe hizo. Oksijeni nayo hunata, ikagawanyika atomu mojamoja, kisha hukutana na kaboni monoksaidi na kuondoka ikiwa kaboni dayoksaidi. Kwa kuwa kazi yote hufanyika usoni, chembe ndogo ndizo zinazofaa: gramu chache za madini hupata eneo kubwa mno.

Gari likiwa baridi, kaboni monoksaidi huijaza platinamu hadi oksijeni ikose pa kukaa. Mkemia Mmarekani Irving Langmuir aliueleza mvutano huo mwaka 1922. Joto likifika nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, gesi huanza kuachia nafasi na masega huanza kazi. Kwa hiyo usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa, hata masega yakiwa mapya. Moshi wa dakika hizo za mwanzo unaua.

Injini inayokula oili hupeleka fosforasi na zinki, zikaufunika uso. Salfa ya mafuta nayo hunata na kuziba nafasi, ingawa joto kali huweza kuipunguza. Kinachotuumiza zaidi ni gari linalomisi, yaani silinda mojawapo haichomi petroli yake, na bado linaendeshwa. Petroli isiyoungua huenda kuungulia kwenye masega, na chembe huungana kama matone ya mafuta juu ya mchuzi. Eneo likishapotea hivyo, halirudi. Joto likizidi, kauri huyeyuka na kuziba njia ya moshi.

Ukituletea gari tunakagua plagi, koili na ulaji wa oili, tunapima presha ya moshi kabla ya masega, kisha tunalinganisha sensa mbili za oksijeni, moja mbele ya masega na nyingine nyuma yake. Ya nyuma ikipandashuka sawa na ya mbele, masega yamechoka. Hata hapo tunatengeneza injini kwanza, maana ukifunga mapya juu ya injini inayomisi, nayo yataharibika.