Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Mtafiti wa Visukuku vya Moluska

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu walezi, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana, wewe unayechunguza visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa kwenye miamba) vya moluska, yaani konokono, chaza na jamaa zao.

Tuanze kwa kukiri. Kwa muda mrefu tulibishana kuhusu vitundu vya mviringo kwenye magamba ya chaza tuliyoyakusanya. Wengi tuliapa ni kazi ya watunga shanga. Kumbe mtoboaji ni konokono wa baharini! Hulilainisha gamba kwa majimaji yenye asidi, akalikwangua kwa ulimi wenye meno, kisha akamla mwenye nyumba. Tangu siku hiyo magamba mazima hatuyataki tena. Tunatafuta yaliyotoboka na yenye makovu.

Makovu ndiyo yaliyotuteka zaidi. Konokono aliyevunjiwa mdomo wa gamba na kaa, akiponyoka, huuziba na kuendelea kujenga, na mshono haufutiki. Kwenye visukuku vya mamilioni ya miaka mshono huo bado unasomeka. Visukuku vingi hutuambia tu kwamba mnyama alikufa. Huyu anatuambia alishambuliwa, akapona, akaendelea kukua.

Mwaka 1977, Profesa Geerat Vermeij, mzaliwa wa Uholanzi anayefanya kazi Marekani, alieleza kwamba katika enzi ya dinosaria wavunja magamba waliongezeka baharini, na konokono nao wakazidi kuwa na magamba manene, yenye miiba na midomo finyu. Profesa huyo haoni tangu utotoni. Magamba huyasoma kwa vidole. Klabuni tunaye mwenzetu asiyeona, na kwa kupapasa mshono hakuna anayemfikia. Tulipomsomea habari hizo alicheka, akasema, "Mlidhani nabahatisha?"

Ndugu Mgeni Rasmi, tunapima kwa rula, na rula kwenye gamba la mviringo hutudanganya kila mara. Tunaomba kalipa mbili (vipimio vya taya mbili vinavyobana kitu), lenzi za mkono, na nakala za plasta za visukuku ambazo hata mwenzetu huyo ataweza kuzishika bila hofu ya kuzivunja.

Tuna swali pia. Baadhi ya vitundu vyetu vimeishia katikati ya gamba. Je, mtoboaji alifukuzwa, alichoka, au windo lilimponyoka? Tumegawanyika makundi matatu na hakuna anayetaka kushindwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Sayansi