Stendi ya kamera si kampuni ya filamu

Mhariri,

Ile taarifa yenu ya juzi kuhusu wageni wanaozuiwa kutumia stendi za kamera kwenye vivutio vya pwani nimeisoma, nikaiweka, nikairudia baada ya chai. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi, msomaji wa kimya. Nimenyamazia bei ya mafuta, nimenyamazia barabara, nimenyamazia hata habari za basari, nikisema wapo wenye midomo kunishinda. Lakini mlipoandika kwamba kanuni hizo zinajulikana, mlinigusa pabaya.

Zinajulikana na nani? Naishi Malindi. Vibao vya malangoni nimevisoma vyote, maana mwalimu hata akistaafu haachi kusoma kila kilichoandikwa ukutani. Nimeona bei ya mwananchi na bei ya mgeni, saa za kufungua na kufunga, katazo la sigara na katazo la kulisha wanyama. Stendi sijaiona popote. Kanuni ninayoifahamu mimi hukaa kichwani mwa askari wa zamu, na zamu ikibadilika nayo hubadilika. Asubuhi inaruhusiwa, alasiri ni kosa, Jumamosi unaambiwa usubiri mkubwa aje, na mkubwa hafanyi kazi Jumamosi.

Wasiotumia kamera hudhani stendi ni mbwembwe za kujionyesha. Magofu yetu mengi yako kivulini, Mhariri. Gede, ule mji wa kale jirani na Malindi, imemezwa na msitu, na jua la saa sita hufika chini likiwa vipande vipande. Vyumba vya ndani vya majumba ya kale ndivyo vina giza zaidi, kwani waliovijenga walikuwa wakilikimbia joto. Ukitaka tao la mlango lililo karibu nawe na ukuta wa nyuma vyote vitoke safi, huna budi kulibana tundu la lenzi, na ukilibana, kamera itataka sekunde nzima kukusanya mwanga, pengine mbili. Hakuna mkono wa binadamu unaotulia sekunde mbili. Wangu, uliotetereka kwa uzee, hautulii hata robo yake. Njia nyingine ni flashi, na flashi ya usoni huosha ukuta wote ukawa mweupe pe. Chukueni lile kaburi lenye tarehe pale Gede, lililochorwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Michoro ya namna ile inataka mwanga wa ubavuni, kivuli kilale ndani ya kila herufi. Ipige flashi, utarudi nyumbani na picha ya chokaa.

Sasa yaliyonifika. Mahali sipataji, kwa sababu kijana aliyenizuia anatafuta riziki na sitaki asimamishwe kazi kwa barua yangu. Ni jumba la zamani, lina kiingilio, liko kwenye pwani hii. Mjukuu wangu alikuwa amekuja likizo kutoka Nairobi, nikataka aone zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vitu, ambavyo vitabuni mwao ni picha ndogo tu. Tukalipa, tukapewa risiti. Begi likafunguliwa langoni, stendi ikatolewa, ikageuzwageuzwa, ikarudishwa. Hakuna aliyesema neno. Tulipofika chumba cha ndani nikakunjua miguu, nikaifunga kamera juu, na ndipo filimbi ikalia mgongoni mwangu kana kwamba nimeotea mbele ya lango la Gor Mahia.

"Shikamoo mzee. Hiyo hairuhusiwi."

"Marahaba mwanangu. Nini, kamera?"

"Kamera sawa. Hiyo ya miguu. Hiyo ni ya kampuni."

"Kampuni gani?"

"Za filamu, mzee. Lazima uwe na barua kutoka Nairobi."

Nikamwonyesha kampuni yenyewe: mimi, na mtoto wa gredi ya sita aliyeshika chupa ya maji na nusu ya mahamri. Hakucheka. Nikamwuliza basi vipi wale vijana waliokuwa uani, maana walikuwepo, na muziki wao tulikuwa tukiusikia hadi mle ndani. Stendi yao ilifika kifuani, juu yake taa ya duara inawaka mchana kweupe, na wao wanacheza mbele yake, wanasimama, wanaangalia, wanaanza upya. Wageni waliotaka kupita walibaki wamesimama pembeni, wengine wakitabasamu kwa adabu. "Ile ni ya simu, mzee," akaniambia. Nikamwuliza ina miguu mingapi. Akageuka kutazama, na naamini alihesabu kweli. Mitatu. "Lakini ni ya simu." Mjukuu wangu akanivuta shati: "Babu, tupige tu kwa simu yangu." Hapo ndipo tulipofikishwa, mtoto anamwonea babu yake haya.

Na hayo ningeyameza. Nimemeza makubwa zaidi katika utumishi wa umma. Lililonishinda ni lile alilolisema mwishoni, kwa heshima kabisa, akidhani ananisaidia: "Wewe iweke tu hapo kwenye kidaka, mzee, itatulia." Kwenye kidaka! Ukuta ule ni mawe ya matumbawe na chokaa, kazi ya fundi ambaye kaburi lake hatulijui, na kidaka ndipo alipomalizia ufundi wake, ukingo kwa ukingo. Sakafu niliyokuwa nimesimamisha stendi ni saruji ya juzi, ina hata alama ya kandambili ya aliyeimwaga. Kwa hiyo mipira mitatu ya stendi juu ya saruji ni hatari kwa urithi wa taifa, lakini kamera ya chuma na lenzi yake, zaidi ya kilo nzima, iburuzwe juu ya chokaa ya kale, na anayetoa ushauri huo ni mtu aliyeajiriwa kuilinda chokaa hiyo hiyo. Nilipitisha kidole kwenye ukingo wa kidaka kile. Kilirudi na unga mweupe, na pale chini pameliwa, pamelainika, mahali hasa ambapo watu huegemeza vitu vyao wakinyimwa pa kuviegemeza. Shubiri moja juu yake mtu amechora moyo kwa ufunguo, mshale umepita katikati, herufi mbili na mwaka. Si Hijria. Ni 2019. Siku moyo ule ulipochorwa, filimbi ilikuwa wapi? Moyo wenye mshale hauchorwi kwa dakika moja, Mhariri, hasa ukiwa umechorwa kwa bidii namna ile. Ilichukuliwa barua ya Nairobi? Au ufunguo nao ni wa simu?

Na kwa kuwa tumefika huko, choo. Mtoto akataka kwenda haja. Choo kipo, kimepakwa rangi, kina picha ya mwanamume na ya mwanamke, na kina kufuli. Ufunguo uko kwa mtu, na mtu ameenda kula. Akarudi. Ndani mtungi upo, maji hayapo, na ukutani kuna tangazo la kututaka tukiache kama tulivyokikuta. Tulitii. Ninauliza tu: kiingilio tunacholipa kinaingia wapi, ikiwa hakifiki hata kwenye mtungi? Mgeni akirudi kwao haandiki habari za matao na zidaka. Anaandika habari za choo, na ninyi mnajua.

Sisemi stendi ziachiwe kiholela. Siku mabasi ya shule yamefika, mtu akikunjua miguu kwenye mlango mwembamba atavunja watoto. Kule Louvre, Paris, stendi haziruhusiwi kwenye maonyesho ya kudumu, wala fimbo za selfi, na kwa umati ule sina ugomvi nao. Ila wenzetu wengine wameamua kupima badala ya kukisia. Bustani za Disney kule Marekani, ambako msongamano ni mkubwa kuliko wetu wa mwaka mzima, zinakubali stendi inayoingia kwenye begi la kawaida la mgongoni na isiyopita futi 6 ikiinuliwa. Na mwanzoni mwa 2025 Marekani hiyo hiyo ilipata sheria inayosema kwamba kwenye mbuga zao za taifa kundi la watu wasiozidi watano, lenye vifaa vya kubebwa mkononi, halihitaji kibali wala ada ya kupiga picha ilimradi halizuii wengine wala kuharibu kitu, hata likiwa linapiga kwa ajili ya biashara. Hata kwa biashara, Mhariri! Na mimi picha zangu huzibandika ukutani sebuleni, mke wangu akiniruhusu.

Huku kwetu nikiuliza sana hutajiwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa kabla ya Uhuru. Nimeisoma, nina muda. Inahusu filamu zinazotengenezwa ili zionyeshwe hadharani au ziuzwe. Picha mnato ya kidaka, inayopigwa na mzee ili mjukuu wake aione, haimo. Kama ni kubana sana, ingewabana kwanza wale wa uani waliokuwa wakicheza kwa ajili ya dunia nzima, na sisemi wakamatwe, wanacheza vizuri.

Lamu mambo haya hayana uzito. Simamisha stendi yako kwenye kichochoro cha mji wa kale, atakayekusukuma ni punda mwenye mzigo wa mawe, naye haulizi barua. Lamu iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Gede imeingia 2024. Watakaokuja Malindi kwa sababu ya orodha hiyo si watu wa kuota jua ufukweni. Ni watu wa lenzi tatu na stendi moja, wanaoamka kabla ya adhana ili wauwahi mwanga, na wanaolala usiku wa ziada mvua ikiwakosesha picha. Usiku huo wa ziada ndio wali wa mpishi, nauli ya tuktuk na kodi ya kaunti. Tuwapigie filimbi?

Pendekezo langu ni hili, na sitaki liundiwe kamati. Kila lango liwe na sanduku la mbao, refu sentimita 50 kwa ndani. Fundi yeyote wa Malindi atalipiga kwa siku moja. Stendi ikikunjwa ikaingia, mwenye nayo si kampuni, hata akiwa amevaa tai. Isipoingia, ni kampuni, hata akiwa na mjukuu. Ya simu nayo iingizwe humo humo, na taa yake ibaki kwa askari. Kisha kila mguu uvishwe kiatu kabla ya kupita. Kandambili zinazotupwa na bahari kwenye ufuo wa Silversands zinatosha kuvisha stendi zote za Afrika Mashariki. Zikatwe vipande, vitobolewe katikati, viuzwe langoni shilingi 50 kwa vitatu. Mapato ya mwezi wa kwanza yanunue maji ya ule mtungi na nakala ya pili ya ufunguo wa choo. Na atakayeonekana ameweka kamera kwenye kidaka alipishwe shilingi 10,000 papo hapo, yeye pamoja na aliyemwelekeza.

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Barani, Malindi