Nazi za Kongowea hazina eTIMS

Mhariri,

Msimu wa kujaza ritani za kodi ukifika, sisi tunaopikia watu harusi na matanga hapa Mombasa huwa tunajiuliza nazi tuziandike wapi. Tangu Januari 2024 sheria haikubali gharama ya biashara itolewe kwenye mapato kama haina risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato (KRA), isipokuwa vitu vichache kama mishahara, riba na bidhaa zilizoagizwa kutoka nje. Mwishoni mwa 2025 KRA ikatangaza kuwa kuanzia Januari 2026 gharama tunazodai zitalinganishwa na risiti zilizomo kwenye mfumo.

Anayenunua mchele na mafuta kwa muuzaji wa jumla hana shida. Lakini njoo soko la Kongowea alfajiri. Nazi zinauzwa juu ya pikapu, nyanya ziko kwa mama aliyetandika gunia chini, na ukishamaliza kununua, hamali wa mkokoteni naye anataka chake. Nani hapo mwenye eTIMS? Najua Desemba 2024 sheria ilirekebishwa, mnunuzi akaruhusiwa kumtolea risiti muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka. Ila muuzaji huyo awe na PIN, yaani namba ya mlipa kodi, na aikubali risiti yenyewe kwenye simu. Mama wa nyanya ukimtajia PIN anakugeuzia uso, anamhudumia mwingine. Wala simlaumu.

Basi nazi na samaki wa shilingi 10,000, kwa macho ya kodi, hukununua. Hizo 10,000 zinahesabiwa faida, na kama uko kwenye kiwango cha asilimia 30 unazilipia 3,000.

Wapo wanaosema: lipa kodi ya mauzo ya asilimia 3, uachane na mambo ya risiti. Shughuli ya 200,000 inaweza kukubakishia 15,000 tu. Kodi hiyo inachukua 6,000, kwa kuwa haiangalii ulitumia nini. Hata ukila hasara, unailipa. Mwenye mkopo wa nyumba, kwa upande wake, hupunguziwa mapato yanayotozwa kodi kwa riba ya hadi 360,000 kwa mwaka, kwa karatasi ya benki tu.

Malipo ya sokoni siku hizi ni M-Pesa. Ujumbe una jina, tarehe, saa na kiasi. Wabunge wetu waweke kifungu kinachokubali taarifa ya M-Pesa pamoja na daftari la manunuzi kwa mboga, nazi, samaki na uchukuzi wa mkokoteni, hadi kiwango fulani kwa siku. Atauliza mtu: tutajuaje kama pesa ni za nazi au umemtumia shangazi? Swali la haki. Ndiyo maana yahesabiwe yale tu yaliyolipwa kwa till au Pochi la Biashara ya muuzaji, yaani namba za M-Pesa za kupokelea malipo ya biashara, si yaliyotumwa kwa namba ya mtu binafsi.

Mpishi wa shughuli,
Mombasa