Kuondoka tumefundishwa, kusimama je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo moja tu kuhusu pikipiki, na nitalisema kama mwanafunzi, si mjuzi. Nina umri wa miaka 51, nasomesha hesabu katika skuli moja ya upande wa Wete na nakaa Chake Chake. Kwa miaka 19 nilikwenda kazini kwa gari ya abiria ya njia ya 606, nimebanwa baina ya kikapu cha samaki na mtoto wa mtu. Mwaka jana, mwezi wa Julai, nikanunua honda yangu ya kwanza. Sisi huku kila pikipiki ni honda, hata iwe imetoka India kama yangu, Boxer iliyokwisha kutumika, nyekundu, kiti kimeshonwa upya.

Aliyenifundisha ni mpwa wangu, kijana wa bodaboda. Alinipeleka kiwanja cha mpira cha kijijini baada ya sala ya alfajiri, ng'ombe wa watu wangali wamefungwa kwenye milingoti ya goli. "Mjomba, shika klachi. Tia gia ya kwanza. Sasa achia klachi pole pole, huku unatia mafuta." Nikaiachia kwa pupa, honda ikaruka kama mbuzi aliyekatikiwa na kamba, ikazima. Nikapiga kiki tena. Ikaruka, ikazima. Mara ya nane au ya tisa ikakubali, nikazunguka kiwanja kizima kwa gia ya kwanza, injini inalia, mpwa ananikimbilia nyuma anapiga kelele, "Tia ya pili! Mjomba, tia ya pili!" Nikaitia. Raha niliyoipata pale sijaipata tangu nilipofaulu mtihani wa Kidato cha Nne.

Nilisimama vipi? Niliachia kila kitu, honda ikajizimia yenyewe mbele ya goli, ng'ombe mmoja ameacha kucheua ananitazama. Hilo ndilo lililokuwa somo langu la kusimama, na halikurudiwa.

Wiki ile ya kwanza mjini sitaki kuieleza sana. Chake imejengwa mlimani, na mlima na mtu asiyezoea klachi havipatani. Nilizima mara tatu kwenye mpando mmoja, nyuma yangu gari ya abiria inapiga honi, utingo kajitoa nusu mwili ananiambia, "Maalim, shuka uisukume!" Nikashuka nikaisukuma. Wanafunzi wangu wawili walikuwa humo garini.

Leseni niliipata. Siku ya mtihani tulipangiwa mawe, tukatakiwa kupita katikati yake kwa umbo la nane bila ya kuweka mguu chini. Nane yangu ilikuwa safi, mwalimu wa hesabu hashindwi na nane. Hakuna aliyenambia niende kwa kasi kidogo kisha nisimame pale anaponyoosha mkono. Hakuna aliyenipeleka kwenye mteremko. Nilitoka na karatasi inayosema naweza kuendesha pikipiki, na kwa kweli kuendesha nilikuwa naweza.

Kuhusu breki nilipewa wasia mmoja, na niliupata kwa watu wasiopungua sita: mpwa wangu, fundi aliyenibadilishia cheni, jirani, mpaka sheikh mmoja mwenye vespa. "Usiiguse breki ya mbele. Itakupindua." Nikaushika. Kwa miezi mitatu mkono wangu wa kulia ulijua mafuta tu, ile liva ya breki ya mbele, iliyo hapo hapo mkononi, ikawa pambo.

Ikafika Oktoba, msimu wa karafuu umekolea. Anayeijua barabara ya zamani ya kutoka Chake kwenda Wete anajua ilivyo: mlima, mkunjo, mteremko, mkunjo, mikarafuu huku na huku, na kila penye jua kidogo pametandikwa jamvi. Jioni ile narudi nyumbani, mvua ya vuli ikapiga dakika chache ikaacha. Watu walikuwa wameshakimbilia majamvi. Karafuu ziliokolewa kwanza, maana ndizo pesa. Makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, yakangoja. Nikateremka kwa kasi ya kama 40 kwa saa, gia ya nne, nikapinda, na mbele yangu bibi mmoja kainama nusu ya barabara anakusanya makonyo yake kwa ufagio wa njukuti.

Mguu wangu ukaikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zote alizonijaalia Mungu. Tairi la nyuma likafunga, likaacha kuzunguka, likaanza kwenda upande kana kwamba mkia wa honda unataka kunipita mimi mwenyewe. Nikalala nayo. Tukateleza pamoja juu ya makonyo mabichi mpaka mtaroni. Bibi hakuguswa, alhamdulillahi. Kitu cha kwanza nilichokisikia ni sauti yake: "Makonyo yangu, mwanangu!" Kisha, baada ya kuyatazama makonyo vizuri, "Umeumia?"

Goti, kiwiko, kioo kimoja cha pembeni, liva ya klachi imepinda kama ndoano. Na kwenye helmeti, ubavuni kulia, mchubuko wa urefu wa kidole, pale pale lilipo sikio. Mkanda wa helmeti hiyo ulikuwa mzima na nilikuwa nimeufunga. Shirika la Afya Duniani limewahi kueleza kwamba helmeti iliyovaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Iliyotundikwa mkononi ikisubiri kumwona askari haimo katika hesabu hiyo. Yatosha, hilo limeshasemwa na wengi.

Linalonishughulisha ni mkono wangu wa kulia. Kwa nini uliganda? Goti lilipopona nikamwita mpwa, tukaenda alfajiri ya Ijumaa kwenye kipande cha lami kilichonyooka na kikavu, tukaweka kifuu cha nazi pembeni ya njia. Nakuja kwa kasi ya 30, nikifika kwenye kifuu nashika breki, mpwa anahesabu hatua mpaka niliposimama. Breki ya nyuma peke yake: hatua 16. Nikarudia, 15. Kisha breki zote mbili, ya mbele nikiibana polepole na kuongeza: hatua 9. Mpwa akahesabu tena mwenyewe kwa sababu hakuamini. Miaka saba anabeba abiria, hakuwahi kuipima.

Sababu yake haihitaji chuo. Mtu aliyejitwika ndoo ya maji akisimama ghafla, maji humwagikia mbele. Uzito wa honda na wa mpandaji nao hukimbilia mbele vivyo hivyo. Tairi la mbele linakandamizwa chini na kuishika lami, la nyuma linakuwa jepesi, na tairi jepesi hufunga haraka na kuteleza. Ndiyo maana kwenye lami kavu breki ya mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha, kama asilimia 70 hivi. Sisi tunaambiana tuiache hiyo, tutumie ile inayobaki.

Wasia wa wazee wa honda si uongo mtupu, nisije nikawaonea. Ukiikamata breki ya mbele kwa ghafla juu ya mchanga, au kwenye udongo wetu mwekundu uliolowa, au usukani umepinda, tairi la mbele linakukimbia na unakwenda chini kabla hujasema bismillahi. Aliyeanguka hivyo mara moja humwonya mwanawe asiiguse kabisa. Lakini liva ile hubanwa kama mtu anavyokamua ndimu, si kama anavyoua mbu. Na penye tope unapunguza kasi kabla ya kufika, unashuka mteremko na gia ndogo ili injini ikushikilie, breki zote unazigusa kwa adabu. Ukivuka dimbwi, uzibane kidogo kidogo zikauke, maana breki za dramu zikiingia maji hupoteza nguvu. Haya nimeyajua baada ya mtaro. Kabla ya mtaro hapakuwa na mtu aliyenieleza, na mimi si mtu wa kukwepa kuuliza.

Nililipeleka jambo hili darasani, Kidato cha Pili. Kwa kasi ya 40 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka tu inakula mita 11, breki bado haijaguswa. Kisha, kwenye lami kavu na breki nzima, kama mita 10 nyingine. Kasi ya 20? Hapo umbali wa breki haupungui kwa nusu kama walivyojibu wote, unashuka mpaka robo, mita mbili na nusu hivi. Walinyamaza wakizikokotoa. Kijana mmoja wa kiti cha nyuma akauliza kama hesabu hii imo kwenye mtaala au ni ya makonyo. Jina hilo ninalo mpaka leo, Maalim Makonyo, na nimeshaacha kulipinga.

Sasa ombi langu, Ndugu Mhariri. Wanaotahini leseni za pikipiki waongeze dakika kumi: mwanafunzi aje kwa kasi ya 30, asimame kabla ya mstari kwa breki zote mbili, tairi lisifunge. Kisha aoneshwe mteremko, na Pemba haina shida ya miteremko. Nane ya mawe ibaki, ni nzuri kwa mizani ya mwili, ila mtu hauawi na nane. Na vijana wa bodaboda, ambao ndio skuli ya udereva ya wengi wetu tupende tusipende, wakimfundisha mtu kuondoka wasimwache mpaka wamemfundisha kusimama. Kifuu kimoja cha nazi kinatosha.

Kuna watakaosema kosa ni la wanaoanika barabarani. Sisemi hivyo. Lami hukausha upesi kuliko uwanja wa udongo, na karafuu za marehemu baba yangu zimeanikwa pembezoni mwa barabara miaka yote ya utoto wangu, ada zangu za skuli zimetoka hapo. Ninachoomba ni kona. Baada ya mkunjo pasianikwe kitu, hata konyo moja, kwa sababu mwenye honda hakioni mpaka yuko juu yake. Masheha wakilisema hilo katika mikutano yao mwanzo wa msimu litasikika kuliko nikilisema mimi.

Mpwa wangu ameanza kuja kiwanjani kila Jumamosi alfajiri na wanafunzi wake wawili watatu, mmoja wao dada muuguzi aliyenunua honda mwezi uliopita. Mimi ndiye mhesabu hatua. Juzi yule dada alisimama kwa hatua 8 akataka nimwandikie kwenye karatasi akamwoneshe mumewe.

Yule bibi nilimrudia wiki ile ile kumlipa makonyo niliyoyamwaga mtaroni, ambayo anasema alikuwa ayapeleke kiwanda cha mafuta ya karafuu cha Wawi. Nilimpelekea pishi mbili. Amezipokea, akaomba dua ya goti langu, na akanambia bado ananidai moja.

Maalim Makonyo,
Chake Chake, Pemba.